Baba, Talaka na Mtoto: Hatua za Kufuata Ukiwa Arusha au Moshi

Mimi na mama wa binti yangu tulipoachana, mtoto alikuwa na miaka minne. Mama yake alirudi Moshi, akapanga Pasua karibu na dada yake. Mimi nikabaki Sombetini, Arusha, kwenye nyumba ileile tuliyokuwa tunakaa wote. Kati yetu ni kilomita kama 80 za lami, lakini kwa miezi kumi na moja barabara ile kwangu ilikuwa kama imefungwa. Sikumwona mtoto. Na kosa halikuwa la mama yake peke yake. Nilikuwa nafuata ushauri wa kijiweni, na kuhusu watoto, ushauri wa kijiweni ni mbaya kuliko kukosa ushauri kabisa.

Baadaye nilisoma sheria, nikazunguka ofisi zinazohusika, nikakaa kwenye mabenchi ya mahakama. Tangu hapo nimewasindikiza madereva wenzangu wanne wa watalii kwenye njia hiyohiyo. Ninayoandika hapa ndiyo ambayo ningependa mtu anikalishe chini aniambie siku ile ya kwanza. Kama kesi yako ina mali nyingi au ugomvi mzito, tafuta wakili pia.

Kwanza, yatoe haya kichwani

"Chini ya miaka saba mtoto ni wa mama, akifika saba ni wa baba." Nusu ya kwanza ina ukweli kidogo. Nusu ya pili haimo katika sheria. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana kwamba ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Hiyo ni dhana tu, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hapohapo kifungu kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kwa hiyo kama mtoto wa miaka mitatu umemlea wewe tangu mama yake aondoke, hoja unayo. Lakini kama amekaa kwa mama yake hadi akafikisha saba, siku yake ya kuzaliwa haimhamishi kwenda popote. Ana shule pale, ana marafiki, ana mazoea, na ile hoja ya kutomvuruga sasa inasimama upande wa mama. Rafiki yangu mmoja alisubiri miaka mitatu mizima, ametulia, akijua mtoto "atafika saba". Alipokwenda kumchukua, mtoto alimwamkia kama mgeni, akakimbilia jikoni.

La pili ni ukoo na mahari. Kwetu Wachagga, na kwa ndugu zetu Waarusha na Wameru, mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na ukishatoa mahari watu wanaona mambo yamekwisha. Mimi nauheshimu ukoo wangu, na binti yangu anajua kihamba cha babu yake, yaani shamba la ukoo, kiko wapi. Sheria nayo haikuitupa desturi. Kifungu kilekile cha 125 kinamwambia hakimu azingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na desturi za jamii yao. Ila yote hayo yanakuja nyuma ya ustawi wa mtoto. Baba anayesimama mbele ya hakimu akasema "nilitoa mahari yote" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

La tatu linasemwa na wanaume waliokwisha kukata tamaa: mahakama ni za akina mama. Si kweli. Sheria inamtaja baba na inamtaja mama. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla hawajaachana, ana haki ya kukaa na mzazi ambaye mahakama inaona ana uwezo wa kumlea, na ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye bila kuvuruga masomo yake. Ukisoma vizuri utaona haki hizo zimeandikwa kwa jina la mtoto. Siku nilipolielewa hilo niliacha kusema "nadai mtoto wangu", nikaanza kusema "mtoto anahitaji kumwona baba yake, na mimi nimejipanga hivi". Milango iliyokuwa imenifungia ilianza kufunguka.

Hatua ya kwanza: endelea kutoa matunzo, na usimnyakue mtoto

Hapa ndipo nilipojiharibia. Mama yake aliponinyima kuongea na mtoto kwenye simu, nikasema basi na mimi sitoi hela. Miezi miwili sikutuma hata shilingi. Nilipofika mahakamani nikiwa nimejaa maneno ya upendo, hakimu alifungua daftari lake akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, mwezi wa tano mtoto alikula nini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikipita Pasua swali lile linanirudia.

Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, awe anakaa nao au wanakaa na mtu mwingine. Hakisemi "kama anaruhusiwa kuwaona". Kuonana na mtoto na kumtunza mtoto ni vitu viwili, na kimoja hakiwi rehani ya kingine. Mama naye hatakiwi kumficha mtoto kwa sababu hela imechelewa, lakini wewe huwezi kusimamia makosa yake. Simamia ya kwako.

Kiasi gani? Ukipanga na mwenzako, pangeni kwa vitu: ada, chakula, sare, matibabu, kodi ya nyumba. Mahakama ikipanga, Sheria ya Mtoto inaitaka iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili. Wazee wetu wanakumbuka ile sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, ambayo kiwango chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi na kikabaki hivyohivyo miaka nenda miaka rudi huku bei zikipanda. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Sasa hakuna kiwango kimoja cha wote, kwa hiyo anayeficha kipato na anayekikuza wote watahojiwa.

Kuhusu kumnyakua mtoto: usimvizie shuleni, usimpakie kwenye gari kwa bibi yake ukampeleka Rombo "akapumzike". Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu anayekaa naye kihalali. Ukifanya hivyo, kesi ya kwanza itakuwa ya polisi, na ile ya kukaa na mtoto utaianza ukiwa na doa.

Na kama ulikuwa unampiga mama yake, sina mbinu ya kukupa. Sheria ya Ndoa inamkataza mwanandoa kumpiga mwenzake, na hakimu ana haki ya kuhofia usalama wa mtoto akiwa kwako. Anza kwa kuomba msaada na kubadilika kweli, kisha omba kumwona mtoto mahali penye mtu mzima mwingine mnayemwamini wote wawili.

Hatua ya pili: kusanya karatasi

Nunua faili moja la plastiki. Weka humo cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi, kadi ya kliniki kama unayo, na cheti cha ndoa. Kama ndoa ilikuwa ya kimila, andika majina ya watu waliokuwepo kwenye mahari. Weka risiti za ada na za dukani kwenye sare. Halafu chukua taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima, ile inayoonyesha kila ulichomtumia mama wa mtoto. Kuanzia leo hela ya mtoto ipite kwenye simu au benki. Ukimpa mkononi, andika kwenye daftari na aweke saini. Najua inaonekana kama kumdharau mtu uliyezaa naye, lakini nyote wawili mtaokolewa na daftari hilo siku kumbukumbu zitakapogombana.

Meseji zihifadhi, na zako pia. Kabla hujatuma meseji ya usiku ya hasira, fikiria karani akiisoma kwa sauti.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: nenda shuleni. Jitambulishe kwa mwalimu wa darasa, uliza maendeleo, hudhuria kikao cha wazazi. Nilipokwenda shuleni kwa binti yangu mara ya kwanza, mwalimu aliniambia mtoto haoni vizuri ubaoni na amehamishwa dawati la mbele. Mimi baba yake sikujua. Tulimpeleka kupimwa macho hospitali ya KCMC, na ile karatasi ya miwani ilisema zaidi ya hotuba yoyote ningeweza kutoa.

Hatua ya tatu: wazee kwanza, kisha Ustawi wa Jamii

Kama bado mnaweza kusikilizana, tumia watu. Mshenga wenu yuko wapi? Shangazi wa mtoto je? Kwetu mtu aliyekosea alikuwa anatuma jani la sale kuomba msamaha, na mwenye kuletewa sale hakufukuza mtu mlangoni. Mimi nilimtuma baba yangu mdogo kwa mama mkwe wangu. Hakwenda kudai mtoto. Alikwenda kuomba radhi kwa ile miezi miwili ya njaa. Mama mkwe alimwambia, "Shemeji, mwambie mwanao aje mwenyewe, mchana, asiwe amekunywa." Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Siku ile nilimwona binti yangu dakika arobaini, uani, bibi yake akiwa amekaa anachambua maharage.

Mkishindwana, nendeni ofisi ya Ustawi wa Jamii. Arusha iko chini ya Halmashauri ya Jiji, Moshi mjini chini ya Manispaa. Ukiwa Tengeru au Usa River ni Halmashauri ya Meru, na ukiwa Marangu, Kibosho au Uru ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Nenda eneo anakokaa mtoto, kwa sababu afisa ndiye atakayemtembelea. Eleza shida yako kwa ufupi, naye atamwita mwenzako kwa barua. Mkikubaliana, hakikisha yanaandikwa: mtoto anakaa wapi, analala kwa nani siku zipi, nani analipa nini na tarehe ngapi. Wote mtie saini na kila mmoja abaki na nakala.

Makubaliano ya Ustawi yana uzito mkubwa, na wazazi wengi huishia hapo wakaishi kwa amani. Ila amri yenye meno inatoka mahakamani. Vilevile, karatasi ya talaka kutoka kwa sheikh au barua ya paroko si amri ya kukaa na mtoto.

Hatua ya nne: Baraza la Usuluhishi wa Ndoa

Kama unataka talaka ya mahakama, kwanza lazima mpite kwenye baraza. Kila kata inatakiwa kuwa nalo, na taasisi za dini, kama Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu), nazo zina mabaraza yanayotambuliwa. Wajumbe ni mwenyekiti na wenzake wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kazi yao ni kuwapatanisha. Wakishindwa, wanatoa hati ya kushindwa kusuluhisha, ambayo watu wa mahakama wanaiita Fomu Namba 3. Bila hati hiyo, ombi la talaka kwa kawaida halipokelewi, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Mwenzangu mmoja aliiweka kabatini akisubiri msimu wa wageni uishe. Muda ukapita, akaanza upya.

Baraza haligawi watoto. Kwenye baraza langu mjumbe mmoja alitaka kuamua papo hapo kwamba mtoto abaki kwa baba "kwa sababu ni damu ya kule". Nilimshukuru, lakini nilijua maneno yale hayana nguvu. Nenda pale na heshima, sema ukweli, chukua hati yako, na hakikisha majina yote mawili yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye cheti cha ndoa.

Hatua ya tano: kuchagua mahakama

Kwa kifungu cha 76 cha Sheria ya Ndoa, mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa mtu wa kawaida asiye na wakili, Mahakama ya Mwanzo iko karibu na gharama yake ni ndogo. Kwenye ombi lako la talaka omba na suala la mtoto pamoja na matunzo, yasikilizwe humohumo.

Mlishatalikiana zamani na hamkugusa suala la mtoto? Au hamkufunga ndoa kabisa? Njia ipo. Sheria ya Mtoto inamruhusu mzazi kuomba kukaa na mtoto au kupewa nafasi ya kumwona, na maombi hayo husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Kama mlikaa pamoja miaka miwili au zaidi na majirani wakawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kwamba mlikuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata dhana hiyo ikishindwa mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu watoto. Na kama ubaba wenyewe unabishaniwa, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usikimbilie kukiomba kwa kumkomoa mama. Mtoto atakuja kuisoma karatasi hiyo akiwa mkubwa.

Lugha isikutishe. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Karani atakuambia ada, atakupa namba ya malipo, utalipa kwa simu au benki na kubaki na risiti. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri bure. Waulize ofisi ya Ustawi au mtendaji wa kata wako, anawajua waliosajiliwa.

Hatua ya sita: andika ratiba kabla hujaulizwa

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu kwa makini, iwe hii. Baba wengi wanaingia mahakamani na neno "nataka", wanatoka na amri ya mstari mmoja: "Baba ataruhusiwa kumwona mtoto kwa nyakati zinazofaa." Nyakati zinazofaa kwa nani? Amri ya namna hiyo ni ugomvi mpya kila Ijumaa.

Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama nafasi ya kuweka masharti: mtoto akae wapi, asome vipi na alelewe kwa dini gani, amtembelee mzazi asiyekaa naye kwa muda gani na wakati gani, na hata kumzuia mzazi aliyepewa mtoto asimtoe nje ya Tanzania. Mletee hakimu kitu cha kuandika.

Mimi kwanza niliomba nikae na mtoto moja kwa moja. Sikupewa, na leo nasema hakimu alikuwa sahihi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba niko Serengeti na Ngorongoro, narudi Arusha usiku mmoja, asubuhi naondoka na wageni wengine. Aliponiuliza nani atamwogesha mtoto nikiwa Seronera, huko Serengeti, nilisema dada wa kazi. Akauliza, "Dada huyo anaitwa nani?" Nilikuwa bado sijampata. Basi nikakaa chini na kalenda mbili, ya shule na ya kazi yangu. Likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba, na zote mbili ndiyo miezi yangu ya wageni. Aprili na Mei, mvua za masika zikipiga, mimi niko nyumbani na mtoto yuko darasani. Ningeomba "likizo zote" kama wanavyoomba wengi, ningempata mtoto akae na jirani.

Nilichopeleka kilikuwa hivi. Miezi ya Aprili na Mei, kila Ijumaa jioni nimfuate Moshi na kumrudisha Jumapili kabla ya saa kumi na moja. Nikiwa na wageni, nimpigie simu kila Jumatano na Jumamosi saa moja jioni, na nikiwa porini bila mtandao nimjulishe mama yake siku moja kabla. Likizo ya Juni akae kwa bibi yake mzaa baba wiki mbili, na mimi niwe nimeomba ruhusa angalau siku tano kati ya hizo. Krismasi, mwaka mmoja Machame kwetu, mwaka unaofuata Kibosho kwao. Hili la Krismasi usiliache. Mtu wa Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo: magari yamejaa, ukoo mzima uko migombani, na kila upande unataka mtoto aonekane mezani. Bila maandishi, Desemba ndiyo mwezi wa kuvunja kila mlichojenga.

Niliandika na nani anamlipia nauli, nani anashika kadi ya bima, na kwamba akiugua usiku akiwa kwangu nampigia mama yake saa hiyohiyo na sisubiri kukuche. Mama yake alisoma, akabadilisha vitu viwili, akasema mengine sawa. Hakimu aliyaingiza karibu yote.

Hatua ya saba: Ustawi wakija nyumbani

Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi achunguze na kuandika taarifa. Atakuja kwako, na anaweza kuja bila kukupa saa kamili. Wengine hununua sofa jipya. Usihangaike na sofa.

Aliyekuja kwangu alikuwa mama wa makamo. Aliketi, akakubali maji, kisha akaomba aone mtoto atalala wapi. Nilimwonyesha kitanda kidogo na chandarua. Alikishika chandarua, akakivuta pembeni, akaona tundu la ukubwa wa kidole. Hakusema kitu, aliandika tu. Akauliza choo kiko ndani au nje, nani mwingine analala nyumba ile, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, sufuria ya uji ni ipi. Akauliza binti yangu anaogopa nini usiku. Hilo nililijua: anaogopa mbwa wakibweka, ukimshika mkono analala. Kalamu yake ilisimama kidogo, akaniangalia, ndipo akaandika.

Kwa hiyo jiandae kwa kumjua mtoto. Chandarua kizima, maji yaliyochemshwa, mlango unaofungika, jina na namba ya simu ya mtu mzima atakayekuwepo ukitoka. Kama una mke mwingine au mchumba, usimfiche. Atambulishwe, na kama mtoto hajamzoea sema hivyo.

Hatua ya nane: siku ya kusikilizwa

Fika mapema, vaa kawaida, simu izime. Sema "Mheshimiwa", jibu ulichoulizwa. Usimtukane mama wa mtoto hata ukichokozwa. Kama kuna jambo baya kweli, kwa mfano mtoto anaachwa peke yake usiku au anapigwa, leta shahidi aliyeona, daktari aliyemtibu au mwalimu, na useme tarehe. Ila jambo la hatari halisubiri tarehe ya kesi. Siku hiyohiyo nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Mtoto mwenye umri wa kujieleza anaweza kuulizwa. Usimfundishe maneno. Mahakimu wanasikia mara moja sentensi ya mtu mzima ikitoka mdomoni mwa mtoto wa miaka tisa, na mtoto anabaki na mzigo wa kudhani amemchagua mmoja akamkana mwingine. Watoto wakiwa wawili au zaidi, sheria inamtaka hakimu aangalie ustawi wa kila mmoja peke yake, ingawa kuwaweka ndugu pamoja nako kunazingatiwa.

Hatua ya tisa: amri ikishatoka

Omba nakala iliyogongwa muhuri, toa kopi, moja peleka shuleni. Kama hukuridhika, siku hiyohiyo muulize karani mwisho wa kukata rufaa ni tarehe ngapi na uiandike, maana siku za rufaa hazikusubiri. Mahakama Kuu ina masjala Arusha na Moshi pia, huna haja ya kufikiria safari ya Dar es Salaam.

Mama akikataa kutekeleza, usiende kugonga geti usiku. Andika tarehe uliyokwenda na aliyekuwepo, mrudie afisa ustawi, na ikishindikana rudi mahakama iliyotoa amri uombe itekelezwe. Wewe nawe ukishindwa matunzo kwa sababu kazi imekatika, usinyamaze. Mwaka 2020 wageni walipoacha kuja kwa ajili ya korona, madereva wa Arusha tulikaa miezi bila kipato. Waliokwenda mapema kueleza walisikilizwa. Walionyamaza walijikuta na deni.

Amri ya mtoto si ya milele. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kuibadilisha hali ikibadilika kweli: mzazi amehamishwa kazi, amefariki, ameoa au kuolewa na mtoto hatunzwi vizuri pale, au mtoto amekua na mahitaji yake yamekuwa mengine. Binti yangu alipofika darasa la tano, mimi nilikuwa nimeacha safari ndefu na nimeanza kazi ya karakana hapa mjini. Sikwenda kudai nipewe. Nilikwenda Pasua kwanza, nikamwuliza mama yake kama tunaweza kuongeza wikiendi za mwaka mzima. Alisema tumwulize mwenyewe. Binti alisema anataka, ila si wikiendi za kwaya. Tuliandika hivyo, tukaenda mahakamani pamoja kwenye kosta moja, na amri mpya ikatoka na kwaya imo ndani.